Nilimwona Mzee Akikaza Nati, Nikanyamaza

Ndugu mshauri,

Salaam kutoka Tabora. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nina mke na watoto watatu, na riziki ya nyumba yetu inategemea gari moja, Scania 113. Msimu wa tumbaku nabeba marobota kutoka Urambo na Kaliua. Masoko yakifungwa nageukia mpunga wa Nzega na Igunga, au saruji.

Tuko sita, kila mmoja na gari lake, na tuna yadi tuliyoipanga pamoja huku Ipuli. Kila Jumapili baada ya ibada tunatengeneza magari wenyewe kwa zamu. Kila mwezi kila mtu anaweka shilingi 20,000 kwenye mfuko wa vifaa, na kwa mfuko huo tumenunua jeki ya tani 20, kompresa, gani ya grisi na spana kubwa ambazo mtu peke yake asingeziweza. Mwenye zamu ananunua spea na chakula cha mchana, mara nyingi ugali na migebuka ya Kigoma. Mkono wa mtu haulipwi. Nikwambie ukweli, bila watu hawa ningeshauza gari zamani.

Karibu yote tunayoyajua tumefundishwa na mmoja wetu mwenye miaka 67, aliyeanza kuendesha malori enzi ambazo barabara ya kwenda Nzega ilikuwa vumbi tupu. Hatumwiti kwa jina, tunamwita Mzee. Gari likikohoa anainamisha kichwa, anasikiliza, anasema nozeli ya nne, mkifungua mnakuta ni ya nne kweli.

Miezi miwili iliyopita mwenzetu mwenye Fuso alilalamika gurudumu la mbele kushoto linanguruma. Akanunua beringi mbili za habu, yaani kitovu cha gurudumu, na sili ya kuzuia grisi kwenye duka moja la spea mjini, jumla 210,000. Mimi ndiye niliyesafisha habu na kujaza grisi kwenye beringi. Mwingine akagonga vikombe vipya, zile pete za nje za beringi, ndani ya habu. Mzee akakaza nati. Nilimwona amechomeka bomba la futi tatu kwenye spana, anakaza kwa uzito wa mwili mzima huku mwingine anazungusha habu, akisema, "Lisicheze hata kidogo." Nilishtuka, kwa sababu najua beringi za aina ile lazima ziachiwe nafasi. Nikafungua kinywa, nikakifunga. Kisha nikaitwa upande wa pili kusaidia kuinua ringi. Niliporudi, pini ya kufungia nati ilishakunjwa na kofia ya habu imegongwa.

Siku nane baadaye Fuso lile likiwa na saruji, limepita Ipole kuelekea Mpanda, dereva akaona moshi. Tairi lilikuwa limeanza kuungua. Utingo alizima kwa mchanga na maji yao ya kunywa. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Lakini beringi zilikuwa zimegandana, stabu ekseli, ile ncha ya ekseli inayobeba gurudumu, imechubuka, na hasara pamoja na kuvutwa imefika 2,400,000.

Mwenye Fuso anaamini aliuziwa beringi feki. Alikwenda dukani wakabishana mbele ya wateja, mwenye duka akakataa kurudisha hela. Sasa kila anapokutana na wenye magari anawaambia duka lile lisinunuliwe, na hata sisi tumelihama. Mzee alisema maneno machache tu, "spea za siku hizi," kisha akatoa 100,000 mfukoni mwake akampa mwenye Fuso. Mimi nimenyamaza mpaka leo.

Jumapili ya wiki ijayo ni zamu yangu. Nabadili lainingi za breki za ekseli zote mbili za nyuma, na Mzee ndiye mfungaji. Macho yake yamepungua, siku hizi anatafuta alama kwa kidole. Mke wangu nilimweleza, akasema peleka gari kwa fundi wa kulipwa, ambaye anataka 350,000. Nikifanya hivyo, wote watauliza kwa nini. Nikimwambia mwenye Fuso nilichokiona, nitakuwa nimemvunjia heshima mtu aliyenipa ujuzi bure, na kundi litasambaratika. Nikinyamaza, kila nikipita mbele ya duka lile naangalia pembeni. Nifanye nini?

Msomaji wako, Tabora

Jibu la mshauri

Ndugu yangu, pole kwa mzigo huu, na shukrani kwa kuueleza kwa uangalifu hivi. Umeandika hata yale yanayokugusa mwenyewe, kwamba grisi ulijaza wewe, na hilo linanipa moyo kwamba unatafuta ukweli kabla ya kutafuta wa kumlaumu.

Naona mambo matatu yamefungwa kwenye furushi moja. Kuna swali la kilichounguza habu ile. Kuna watu unaoona una deni kwao: Mzee, mwenye Fuso, na mwenye duka ambaye jina lake linachafuka. Na kuna Jumapili inayokuja, ambayo haisubiri. Tukiyafungua moja moja huenda ukaona njia ambazo furushi linazificha.

Nianze na habu, maana barua yako yote imesimama juu ya jambo moja ambalo hukuliona hadi mwisho. Ulimwona Mzee akikaza kwa nguvu huku habu inazungushwa. Kwa beringi za roli za koni, hiyo ni hatua ya kwanza halali. Nati hukazwa sana huku habu inazunguka ili roli zikae sawa kwenye vikombe na mabaki ya grisi yajisogeze. Baada ya hapo nati hulegezwa, hukazwa tena kwa nguvu ndogo, kisha hurudishwa kidogo kwa kiasi kinachotajwa kwenye kitabu cha gari husika, ndipo pini iingie. Kwa ekseli nyingi za malori nafasi inayotakiwa kubaki ni kati ya milimita 0.025 na 0.125. Unywele wa mtu una unene wa takribani milimita 0.07, kwa hiyo tunazungumzia nafasi ya unywele, ambayo mkono unaisikia kwa shida. Kosa kubwa huwa ni kuishia kwenye hatua ya kwanza. Wewe uliondoka hatua ya kwanza ikiendelea, ukarudi pini imekunjwa. Katikati pale hukuwepo. Maneno "lisicheze hata kidogo" yananitia wasiwasi kama yanavyokutia wewe, siyafichi. Lakini mtu aliyekuwepo katikati ni yule aliyekuwa anazungusha habu. Je, umeshamuuliza kama Mzee alilegeza?

Tena habu huungua kwa njia nyingi. Beringi iliyobanwa mno hukosa pa kutanukia ikipata moto, roli zinaminya vikombe, utando wa grisi unakatika, na moto unazaa moto. Grisi ikiwa haba, au ikiwa imepakwa nje ya roli tu bila kusukumwa kwa kiganja hadi itokeze upande wa pili, matokeo yanafanana sana na hayo. Vilevile kuchanganya grisi mpya na mabaki ya aina nyingine kunaweza kuifanya iyeyuke na kutiririka. Kikombe kisipogongwa hadi kikae kwenye kitako chake, kitasogea gari likiwa na mzigo, na beringi italegea na kuyumba. Sili ikigeuzwa, mdomo wake wenye springi ukatazama nje, grisi inatoka na kwenda kwenye lainingi. Na breki isiyoachia, kwa silinda ya gurudumu iliyokwama, hupasha dramu, ile ngoma inayoshikwa na lainingi, hadi joto lifike kwenye beringi ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo katika kazi ile kulikuwa na mikono mitatu: aliyegonga vikombe, wewe wa grisi, na Mzee wa nati. Sisemi hivi ili nikuhamishie lawama. Nasema ili uone kwamba ukienda kwa mwenye Fuso na sentensi "Mzee alikaza sana," utakuwa umempa jibu ambalo huna hakika nalo, kama yeye alivyowapa watu jibu la beringi feki bila hakika.

Vyuma vyenyewe vinaweza kusaidia. Viangaliwe vyote pamoja. Dramu ikiwa na rangi ya buluu na nyufa ndogo za joto, na lainingi zimekaushwa hadi kung'aa, breki iliyokuwa inashika inaingia kwenye mashaka. Dramu ikiwa na hali nzuri huku beringi zote mbili zikiwa na rangi ya kahawia au buluu, na ncha pana za roli zimechubuliwa dhidi ya ukingo wa koni, ile pete ya ndani ya beringi, mashaka yanarudi kwenye kubana au grisi. Nje ya kikombe pakiwa pameng'arishwa kama kioo, kilikuwa kinazunguka ndani ya habu. Ukiona vishimo vidogo vyenye kutu, maji yaliingia. Muulize pia dereva alitembea kilomita ngapi katika zile siku nane. Beringi iliyobanwa mno kwa kawaida hujitangaza mapema, habu inakuwa moto tangu safari ya kwanza. Kama gari lilikwenda Dodoma na kurudi habu ikiwa ya kawaida, kisha likaungua Ipole, hesabu inabadilika. Kama lilisimama yadi wiki nzima na ile ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza, inabadilika upande mwingine.

Kuhusu ufeki, beringi iliyokwisha kuungua haithibitishi kitu peke yake, kwa sababu ya kampuni kubwa na ya bandia zikipata moto wa kutosha zote zinagandana. Linganisha namba zilizochongwa kwenye koni na kwenye kikombe, kama bado zinasomeka, na zile za boksi na za kitabu. Huenda kweli ilikuwa feki, zipo nyingi. Ila mpaka sasa mwenye duka amehukumiwa na moto tu.

Sasa tumguse Mzee. Umeandika kana kwamba kumwambia ni kumvunjia heshima, lakini katika barua yako sioni mahali ambapo aliwahi kukataa kusahihishwa. Naona mtu mwenye maneno machache aliyetoa 100,000 mfukoni mwake bila kuombwa. Inaweza kuwa huruma ya mkubwa kwa mdogo. Inaweza pia kuwa kwamba naye halali usingizi, anajiuliza kama alilegeza nati ile au alisahau. Mimi sijui, na wewe hujui. Unaweza kumfuata nyumbani jioni, ukiwa peke yako, umwamkie vizuri na uanze na sehemu yako: "Mzee, ile habu inanisumbua. Grisi nilijaza mimi, nataka kujua kama nilikosea. Wewe ulipomaliza kukaza, ulirudisha kiasi gani?" Swali hilo ni la kazi, na linamwachia nafasi ya kujibu bila kuvuliwa nguo. Hatari ipo. Anaweza kukasirika, au akasema alilegeza huku hakumbuki. Anaweza pia kukiri, na hapo utakuwa umebeba siri nzito kuliko ya kwanza, kwa hiyo jiulize kabla ya kwenda: akikiri, utamwomba aseme mwenyewe kwa mwenye Fuso, au mtakwenda wote wawili?

Njia ya kwenda kwa mwenye Fuso kwanza nayo ina haki yake, maana aliyekula hasara ni yeye, na wenzake watano wanamwacha abishane na mtu ambaye huenda hana kosa. Ukiichukua, mpe ulichokiona na usichokiona kwa uzito uleule: nilimwona anakaza, sikumwona akimaliza, grisi nilijaza mimi. Hatari ni kwamba mtu mwenye hasara ya milioni mbili na laki nne husikia nusu ya sentensi. Kuendelea kunyamaza nako ni chaguo, na watu wema wengi hulichagua ili kulinda undugu. Ila wewe mwenyewe umeshaniandikia bei yake, kwamba ukipita dukani unaangalia pembeni. Na kila wiki inayopita, swali la "mbona hukusema siku ileile" linazidi kuwa gumu kujibu.

Kuhusu fedha, sikushauri mkimbilie kulipana. Mfuko wenu ni wa vifaa, na mkiutumia kufidia ajali hii mtakuwa mmeanzisha bima bila kukubaliana masharti, na ajali ijayo italeta ugomvi. Mkiona mnataka kumchangia, mchange kando, kwa hiari, kama mnavyochangia msiba.

Nije kwenye breki zako, ambazo zinanitia hofu zaidi kuliko yote, kwa sababu lori lenye marobota ya tumbaku halisamehi. Mkeo ana hoja. Fundi wa kulipwa ana risiti na kuna mtu wa kumrudia. Ila naye anakosea, na mara nyingi anafanya kazi ukiwa haupo, wakati yadini kwenu macho ni kumi na mawili. Shida yenu, kwa ninavyosoma, ni kwamba macho hayo hayana ruhusa ya kusema. Kila mtu anafanya kipande chake, na hakuna ambaye kazi yake ni kukagua. Unaweza kutumia zamu yako kuleta ruhusa hiyo: anayefunga asiwe anayekagua, mkaguzi apime kwa kifaa na kuandika kwenye daftari, na gari la kwanza kukaguliwa liwe lako. Mzee akiwa ndiye mwenye kusikiliza na kuelekeza, na kijana mwenye macho makali akashika rula, ujuzi wake hauondoki yadini. Uwezekano kwamba atahisi amewekwa kando upo. Ndiyo maana ningependa uwe umeongea naye kabla ya Jumapili, asilisikie mbele ya watu.

Cha kukagua ni hiki. Gari lisimame pagumu, vigingi mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na uzito ukae juu ya stendi, si juu ya jeki. Kwenye makopo ya breki, yale yanayosukumwa na upepo, yenye springi ya paki, springi ibanwe kwa bolti yake maalumu kabla ya kugusa chochote, na mtu asijaribu kamwe kufungua kopo lenyewe, maana springi ile ikiruka inaua. Lainingi zibadilishwe kushoto na kulia kwa ekseli nzima, za aina moja. Mkichelewa na fedha, fanyeni ekseli moja kamili Jumapili hii na nyingine ijayo, kuliko upande mmoja wa kila ekseli. Kama ajasta zako, zile za kurekebisha breki, ni za mkono, kazeni hadi lainingi zishike dramu, kisha legezeni robo hadi nusu mzunguko, na dramu izunguke bila kukwaruza. Baada ya hapo jazeni upepo hadi bar 7 au 8, zimeni injini, mtu akanyage breki, mwingine apime kwa rula umbali ambao fimbo ya kopo inatoka. Kwa makopo ya kawaida ya ukubwa wa 30 kikomo ni milimita 51, na kushoto na kulia visitofautiane sana. Fimbo na mkono wa ajasta vikaribie pembe mraba breki ikiwa imeshika. Mguu ukiwa bado umekanyaga, angalieni geji dakika nzima. Ikishuka zaidi ya psi 3 (karibu bar 0.2), tafuteni panapovuja kwa maji ya sabuni.

Nati za magurudumu kazeni kwa mpangilio wa kuvuka, kwa kipimo cha kitabu, kisha mzirudie baada ya kilomita 50 hadi 100, maana gurudumu lililotoka kufungwa hujikalisha. Umbali huo unakufikisha karibu na Urambo au Nzega, kwa hiyo usianze na mzigo mzito wa mbali. Simama kwanza baada ya kilomita 20 au 30, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila habu bila kuigusa, linganisha kushoto na kulia. Ukiwa na shaka dondoshea tone la maji. Likichemka papo hapo, usiendelee na safari. Lainingi mpya zikishakaa, rudieni kupima fimbo baada ya safari ya kwanza.

Ukiamua kwenda kwa fundi wa kulipwa safari hii, unaweza kusema wazi kwamba ajali ya Fuso imekutia hofu na hujui bado iliungua kwa nini. Ni kweli tupu, na haimtaji mtu. Nani umwambie kwanza kati ya Mzee na mwenye Fuso, na lini, sina haki ya kukuamulia, kwa sababu wewe ndiye utakayekula nao ugali Jumapili zinazofuata.

Ila kuna kitu kimoja kisichoweza kungoja uamuzi huo. Muulize mwenye Fuso leo kama ile habu, beringi zake na dramu bado viko yadini au vimeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kama vipo, mwombe aviweke kwenye gunia, kavu, kila kimoja na upande wake. Na asivioshe kwa dizeli, maana ile grisi iliyoungua mtataka kuiona ilipokauka.